Inchi Nne za Paa

Pomona, California
6 Aprili 1953

Baba mkwe mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu wawili. Nikiandika hilo neno "wawili" natabasamu peke yangu kama mwehu, maana ni wiki ya tano tu tangu harusi na bado sijalizoea. Sisi tu wazima kabisa. Wasiwasi wetu ni goti lako, na kama viazi vimenusurika na ile baridi. Verlon ananinong'oneza hapa nyuma kwamba ningeanza kumuulizia mbwa ndipo nikuulizie wewe, basi mbwa naye hajambo?

Baba, nina furaha mpaka naona haya mbele ya majirani. Asubuhi Verlon akiondoka kwenda ghala la machungwa, nasimama mlangoni mpaka akate kona, kisha narudi ndani kunusa shati lake la jana. Jioni anarudi na chungwa moja mfukoni, kila siku moja. Analimenya ganda zima bila kulikata, halafu ananivisha lile ganda mkononi kama bangili. Mama yangu anasema haya yataisha ifikapo Krismasi. Nimemwambia tutaonana Krismasi.

Lakini barua hii ni ya gari. Siku ya harusi, ulipomkabidhi Verlon funguo zilizofungwa kwenye leso, nilikukumbatia mara mbili nawe ukasimama kama mlingoti. Najua uliguswa. Ford ya mwaka thelathini na mbili, isiyobadilishwa hata skrubu tangu itoke kiwandani, nani hutoa zawadi kama hiyo? Vijana wa huku wanakuja kuitazama kwenye uwanja wa gereji ya baba yangu. Wengine wanavua kofia.

Tumeshaanza kazi. Gari la zamani kama lile, ukilivua yasiyo ya lazima na kulitia injini yenye nguvu, huku tunaliita hotrodi. Mwezi wa Juni kuna mashindano El Mirage, kwenye ziwa lililokauka. Kila gari linakimbia peke yake dhidi ya saa, na likifika maili mia na ishirini kwa saa mwenyewe anapewa kibati cha shaba chenye kasi yake. Unakipigilia kwenye dashibodi na kinabaki hapo mpaka wajukuu wakione. Nakitaka kile kibati, baba, kuliko nilivyoitaka pete.

Basi madigadi yote manne tumeyafungua na kumuuzia muuza vyuma chakavu aliyekuwa akipita na lori, bampa na taa pia. Injini ya zamani imeteremshwa, ya gari la Mercury imeingia bila kugombana. Limebaki paa. Tutafupisha nguzo zake inchi nne ili lishuke, upepo upite juu. Nitalikata mwenyewe kwa moto wa gesi. Baba yangu alinifundisha kuchomelea nikiwa na miaka kumi na minne, na Verlon anasema mshono wangu ni kama wa cherehani. Anasema pia ulimwambia tufanye tupendavyo, na ndilo lililonikalisha niandike. Si kila baba angekubali. Asante sana.

Nakukumbatia kwa mara ya tatu,
Binti yako mpya,
Oleta


Arvin
13 Aprili 1953

Bi Oleta,

Barua imefika. Goti linauma. Viazi vizima. Mbwa mzima.

Sikumwambia Verlon mfanye mpendavyo. Nilimwambia hivi, nyuma ya kanisa, kabla sijampa funguo: injini ni kama jino, ikioza ing'oe, lakini paa usiguse. Akasema, "Ndiyo, baba." Nikarudia. Akasema, "Ndiyo, baba, nimesikia." Sasa muulize aliyesikia alikuwa nani.

Gari lile lilitoka Checotah, Oklahoma, mwaka thelathini na saba, limenibeba mimi, Verlon wa miaka minane, marehemu mama yake Nadine na godoro. Tulilala ndani yake miezi minne kandokando ya mifereji ya huku, tukichuma pamba za watu. Kila kipande kilikuwa vilevile kilivyotoka kiwandani. Miaka kumi na tisa nimelilinda na watu wenye spana. Nadine alipofariki nililifunika na kulifungia ghalani, ufunguo nikakaa nao mimi. Sikujua kwamba adui angekuja amevaa shela.

Madigadi umeyauza. Madigadi ya gari la Nadine umempa muuza vyuma, halafu unaniandikia habari za ganda la chungwa.

Mkilikata paa, msikanyage kwangu. Si wewe, si yeye. Na usinikumbatie kwenye karatasi.

Arvel Tackett
Baba yake Verlon


Pomona
20 Aprili 1953

Baba mkwe,

Natumaini goti limepoa, maana barua yako ilifika ikiwa bado ya moto.

Nilimsomea Verlon jioni ileile, akiwa na chungwa mkononi.

"Nyuma ya kanisa baba yako alikwambia nini?" nikamuuliza.

"Alisema mengi. Si unawajua wazee."

"Kuhusu paa."

"Alisema tuwe waangalifu nalo."

"Verlon."

Akaliweka chungwa mezani. "Alisema tusiliguse. Nilidhani atasahau. Nilidhani ukishalikata vizuri, akaliona, atalipenda."

"Ukaniacha nimwandikie barua ya asante?"

"Ilikuwa barua nzuri, mpenzi," akasema.

Siku tatu nilimlisha maharage ya kopo bila kuyapasha moto. Siku ya nne alikuja na machungwa mawili na uso wa mtoto aliyevunja kioo cha jirani. Nikamsamehe. Nampenda, baba mkwe, nifanyeje? Lakini ujue kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza mume wangu kunidanganya, na nimeigundua kwenye barua yako. Kidonda kile si chepesi, hata ukikitazama toka mbali huko Arvin.

Kuhusu madigadi, naomba radhi kwa moyo wote. Ningejua, nisingeyauza. Kuhusu shela, sitaomba radhi. Mimi si adui yako. Unasema umelilinda gari. Nilipofungua kiti nilikuta kiota cha panya chenye vitoto sita. Matairi yalikuwa yameoza yalipokuwa yamesimama. Kwenye mafuta kulikuwa na kutu. Gari ulilopenda kiasi hicho uliliacha life gizani miaka minne, kisha ukatupa sisi tulizike kwa adabu. Verlon anataka likimbie. Mimi nataka likimbie. Inchi nne za chuma hazimfuti mama yake.

Nakuomba ruhusa ambayo nilidhani tayari ninayo.

Mke wa Verlon,
Oleta


Arvin
3 Mei 1953

Bi Oleta,

Sisi wazima, mimi na mbwa.

Jana nilikwenda Bakersfield kutafuta shafti ya pampu. Kwenye uwanja wa muuza vyuma mmoja niliona madigadi manne yameegemezwa kwenye ua kama wanaume waliofukuzwa kazi. La mbele kushoto lina kibonyeo pale nyumbu wetu alipolipiga teke, Checotah. Nadine alikuwa amemshika kamba, akacheka mpaka akakaa chini. Nilisimama mbele ya kibonyeo kile muda mrefu, muuza vyuma akanijia.

"Mzee, unanunua au unasali?"

Nikalipa kwa nguruwe jike, mwenye mimba. Bampa na taa alikuwa nazo pia. Kwa hiyo sasa ghalani kwangu nina madigadi manne, bampa mbili na taa mbili, vyote vimepangwa chini mahali pake. Limebaki gari lenyewe.

Jumamosi ijayo nakuja na lori kulichukua. Mwambie kijana wako asisingizie kazi.

Kuhusu panya, wale walikaa kwenye kiti miaka minne na hawakuuza kitu.

A. Tackett


Pomona
11 Mei 1953

Mheshimiwa Tackett,

Mimi ni mzima. Goti lako nimeliona kwa macho yangu, halijambo, maana uliporuka kutoka kwenye lori ulitua kama paka.

Nayaandika yaliyotokea Jumamosi ili kesho na keshokutwa usije ukayasimulia kwa namna yako.

Ulifika saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa ndani ya geti nimeshika mpini wa kuchomelea, moto umezimwa. Ukasema, "Fungua geti, mtoto."

Nikasema, "Mimi si mtoto. Ni mke wa mwenye gari."

"Mwenye gari yuko wapi?"

Verlon alikuwa chini ya gari. Akabaki huko. Viatu vyake tu vilionekana.

"Toka huko," ukamwambia.

"Nafunga bolti, baba."

"Bolti gani inafungwa nusu saa?"

"Imekaa vibaya."

"Na wewe pia."

Baba yangu, maskini, akatoka na birika. "Arvel, karibu kahawa." Ukamwambia hunywi kahawa na watu wanaofuga wezi. Baba yangu hajawahi kuiba hata msumari. Alirudi ndani na birika lake.

Nikakwambia karatasi za gari zina jina la Verlon, na zawadi haichukuliwi kwa lori. Ukanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. Ukasema taratibu, bila hasira, na ndiyo maana liliniuma: "Mama yake angekukataa."

Ukapanda lori ukaondoka.

Sikupata kumwona mama Nadine. Nimeolewa katika nyumba ambayo yeye ndiye ningempenda zaidi, kwa yote ninayosimuliwa, na wewe umemtumia kunifungia mlango usoni. Baada ya hapo sihitaji tena ruhusa yako. Paa nalikata Jumamosi, tarehe ishirini na tatu. Verlon alipotoka chini ya gari nilimwambia hivyo. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia mtu aliyeshinda chini ya gari asubuhi yote hana haki ya kuuliza maswali. Kisha nikamfuta grisi usoni, maana hata akiwa mwoga ni mzuri, nami sina dawa ya hilo.

Oleta Tackett,
na jina hilo ni langu, upende usipende


Pomona
24 Mei 1953

Baba mkwe,

Nakusalimu. Nakusalimu kweli, si kwa desturi. Keti kwanza ndipo usome.

Jana asubuhi tulianza. Unajua, katikati ya paa la gari lile si chuma, ni turubai lililopakwa lami. Haliwezi kukaa karibu na moto wa gesi, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulitoa. Nilikuwa juu ya ngazi na patasi, nabandua lami kidogokidogo. Vijana sita walikuwa wamekuja kutazama, mmoja ameleta na kiti chake kabisa.

Chini ya lami hapakuwa na turubai la kiwandani. Palikuwa na gunia la kuchumia pamba. Lile refu, la kuburuta begani. Limepasuliwa ubavuni, likafunguliwa likawa bapa, na kukunjwa kingo, na kushonwa kwa mkono, mishono midogo iliyosawazika kuliko yangu yoyote. Mkanda wa begani haukukatwa, umekunjwa kwa ndani na kutumika kama utepe wa kuzuia maji. Na kwenye kona ya nyuma, kwa uzi mwekundu: N. TACKETT 41.

Nikasema, "Verlon, hebu panda."

Alipanda. Akaweka kidole juu ya ile namba. Akasema, "Ni namba yake ya mizani. Waliiita asubuhi kila akipeleka pamba kupimwa. Arobaini na moja." Halafu akashuka ngazi akakaa chini, kwenye vumbi, mbele ya vijana wote. "Nilikuwa nampandia mkiani," akasema. "Akiburuta gunia kati ya mistari, nami nakaa juu yake. Alijua. Alijifanya kushangaa mbona pamba ya leo nzito." Mwenye kiti alimpa kiti chake. Wote wakaondoka bila kuambiwa.

Anasema ilikuwa majira ya mvua ya mwaka wa arobaini, paa lilikuwa linavuja, na hamkuwa na namna.

Kwa hiyo "kila kipande vilevile kilivyotoka kiwandani" ni uongo. Sasa najua Verlon alikojifunzia kusema uongo mtamu. Umenitukana mwezi mzima kwa kutaka kubadilisha gari ambalo mkeo alilibadilisha kabla sijamaliza shule ya msingi. Na kwa nilivyomwelewa kwenye mishono yake, baba mkwe, huyo hakuwa mtu wa kuacha kitu kizima kama kingefaa zaidi kikikatwa. Alichukua mkasi akapasua gunia lake la kazi, kitu kilichowalisha, kwa sababu juu ya kichwa cha mwanawe palikuwa panavuja. Usiniambie mimi angenikataa. Tungegombania mkasi, basi.

Sikuwasha moto. Sikukata.

Nikueleze na la kazi. Nguzo za paa zimelala kidogo. Mafundi wengi wakizifupisha, paa halikutani nazo tena, kwa hiyo wanalipasua katikati na kuongeza kipande cha bati. Na ile nafasi ya turubai wanaiziba kwa bati moja kwa moja. Nilikusudia kufanya hivyo. Nimepima upya. Nguzo za mbele nikizilaza nyuma kidogo, paa litashuka zima, bila kupasuliwa, na gunia litabaki mahali pake. Itanichukua kazi mara tatu.

Lakini sitafanya hilo wala lile mpaka unijibu.

Oleta


Pomona
16 Juni 1953

Baba mkwe,

Natumaini kimya chako si cha goti. Wiki tatu ni nyingi. Nilimwandikia mama wa posta wa kwenu kumuuliza kama unachukua barua zako, akanijibu kwamba unazichukua, na kwamba unazisomea palepale kaunta umesimama. Basi najua umesoma.

Juzi Jumapili tulikwenda El Mirage. Paa likiwa juu, kama lilivyotoka kwako. Nilishona gunia upya pale lilipoachia, kwa uzi wake uleule nilioweza kuuokoa, nikalifunika kwa turubai jepesi lisipate vumbi. Tulipoingia kwenye mstari, mmoja akapaza sauti, "Ninyi, mmekuja na choo cha shamba?" Mwingine akasema, "Acha, ni mnara wa kanisa. Wamekuja kutuombea." Magari yao yote yamebanwa paa mpaka dereva anaonekana macho tu. Verlon wangu akawajibu, "Ombeni kabla sijapita, nikipita mtakuwa mnakohoa." Nilimpenda pale upya.

Alikimbia mara mbili. Mara ya kwanza mia na kumi na sita. Mara ya pili mia na kumi na saba na nusu. Injini ilikuwa bado ina pumzi, baba mkwe, nilisikia. Ni upepo tu, unalishika lile paa kama mtu anayevutwa kola. Kibati hatukupata. Njiani tukirudi, Verlon akasema, "Angecheka." Nikamuuliza nani. Akasema, "Mama. Choo cha shamba. Angecheka mpaka akae chini."

Kuna mashindano mengine Septemba. Sitalikata mpaka useme, na najua hutasema. Usidhani nimekubali kwamba una haki. Ulimwonea baba yangu na uliniumiza mimi, na hujaomba radhi hata kwa mbwa. Ni kwamba gunia si langu, wala si la Verlon. Lina namba ya mtu.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho mpaka nipate yako. Ukiamua kunyamaza mpaka tufe wote, mbwa msalimie.

Oleta


Arvin
30 Juni 1953

Oleta,

Goti linauma zaidi nikisimama kwenye kaunta ya posta, kwa hiyo acha kuniandikia kurasa nne. Mbwa mzima. Amekula pande la sabuni na bado mzima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza barua mara tano, na kila nikianza ilikuwa uongo.

Gunia ni kweli. Alilishona siku mbili, ndani ya gari, mvua ikinyesha, Verlon amelala miguuni pake. Alipomaliza namba yake ilikuwa nje, kwenye kona, nyekundu, inaonekana na kila mtu. Alitaka hivyo. Wakati ule watu wa mji huu walikuwa wakituona tunapita wanatuita watu wa magunia. Walipiga kelele hivyo mlangoni mwa duka la unga. Asubuhi yake niliazima ndoo ya lami nikapaka paa lote, tabaka tatu. Nadine alikuja akatazama. Akasema, "Namba yangu umeifunika." Nikaenda kurudisha ndoo. Hakulitaja tena miaka tisa, mpaka anakufa.

Baadaye tulipopata shamba, watu wakiliuliza gari nikawa nasema kila kitu ni cha kiwandani. Ilikuwa rahisi kuliko kusema nilichofanya. Nikalisema mpaka nikaliamini, nikaanza kuwapigia kelele wengine. Miaka yote nilikuwa nalinda lami.

Nililosema getini si kweli. Angekukataa siku moja, kwa ajili ya kelele zako. Siku ya pili angeuficha mkasi wake usije ukauchukua, na hilo kwake ndilo lilikuwa penzi.

Sasa sikiliza, na usifurahi mapema, sijakusamehe habari ya panya.

Inchi nne ni nyingi. Nimekaa kwenye kiti jikoni nimevaa kofia, nikajipima na kijiti. Kwa inchi nne nitaendesha na kofia mapajani, na mimi siendeshi bila kofia. Kata tatu. Laza nguzo kama ulivyosema, paa lisipasuliwe. Usikate huko Pomona mbele ya vijana wenye viti. Lete gari hapa Jumamosi yoyote kabla hatujaanza kuvuna viazi. Ghalani nina boriti nene na mnyororo wa kuinulia. Lakini mnyororo hauna akili. Nguzo zikikatwa, mtu lazima alishike paa kwa mikono mpaka ushike mshono wa kwanza, lisije likapinda. Nitalishika mimi. Asilishike mtu mwingine.

Lami usirudishe. Paka mafuta ya kitani yasiyo na rangi, maji yasipite na namba ionekane. Kwenye hilo ziwa lenu waisome wakiwa nyuma.

Madigadi siyarudishi. Nimeyalipia nguruwe, ni yangu, na yamekaa vizuri yalipo.

Mwambie baba yako aje na birika lake. Nitamwambia mwenyewe ninachopaswa kumwambia, si kwenye karatasi. Mwambie Verlon kwamba mimi na yeye bado, na ghalani kwangu gari linakaa karibu na sakafu, chini yake hapana mahali pa kujificha.

Na jambo la mwisho. Wakati unachomelea, mikono yangu yote miwili itakuwa juu, imeshika paa, siwezi kuiachia. Nakujua wewe na kukumbatia kwako, utatumia nafasi. Maliza mshono kwanza.

Baba mkwe wako,
Arvel